Kucheleza

Saa tatu usiku, Al-Khodh, mwezi wa nane.
Nje joto limeketi barazani kama mdai.
Ndani nimechomeka diski nyuma ya ruta,
pale ukumbini, juu ya kabati la viatu.
Kompyuta iko chumbani kwangu,
kuta tatu za zege katikati,
wala hakuna waya.

Nikabonyeza. Ikaandika: saa kumi na tisa zimebaki.
Nikaenda kukosha vyombo. Nikarudi: siku mbili.
Nikakaa. Dakika nne.
Nikamkumbuka fundi wetu wa mabomba,
yule asemaye "niko njiani, nimeshafika Maabela,"
na nyuma yake unamsikia mkewe
akimuuliza chai aitie sukari ngapi.

Bibi Shinuna halali siku hizi. Goti.
Akaja na mkongojo mpaka mlangoni.
"Unafanya nini?"
Natoa nakala, Bibi. Kila kilichomo humu
kiwemo na kule.
"Kinapita wapi?"
Hewani.
"Kama umbea."
Naam, kama umbea.
"Basi kitafika kimetiwa chumvi."

Nikamtajia vinavyopita:
hati ya nyumba, eksirei ya goti lake,
bili za umeme tangu tuhamie,
harusi ya Thuwaiba, picha mia sita,
mia tano za keki,
na yeye mwenyewe, sauti yake,
siku aliyogombana na muuza samaki wa Sib
kwa Kiarabu, akaona hakitoshi,
akammalizia kwa Kiswahili.

Hakucheka.
"Sisi tulipotoka Unguja nilibeba mfuniko."
Najua, Bibi.
"Hujui. Sufuria ilibaki jikoni, ina maharage,
moto haujazimwa. Mkononi mfuniko.
Nimekuja nao mpaka huku,
nikafunikia sufuria za watu miaka thelathini.
Haukuienea hata moja."

Asilimia arobaini na moja, kazi ikagoma.
Kompyuta ilikuwa imesinzia;
hakuna aliyeiambia ikeshe.
Na Mundhir huko juu anapigana vita
na watoto wa Dubai asiowajua,
anainywa ruta yote peke yake.
Nikapanda, nikamtoa vitani.
Nikashuka, nikaikataza kompyuta usingizi.
Nikaanza upya,
maana nusu ya nakala ndiyo mfuniko.

Neno ni la Bibi: kucheleza.
Wali uliobaki usiku hautupwi;
unauacha uchelewe, asubuhi unaupasha, unakunywa na chai.
Neno hilo hilo nimelikuta kwenye skrini,
limevaa suti, limepata kazi:
Cheleza sasa? Ndiyo. Baadaye.
Miaka mitatu nimebonyeza Baadaye.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kushika diski,
inavyofika mwaka wa tano ikaanza kukohoa.
Na maji ya wadi yakishuka, yakaingia ukumbini
kama yalivyoingia kwa jirani,
hayataulizana ipi asili, ipi nakala:
hatua kumi na mbili tu baina yao, nimezihesabu.
Kwa hiyo ya pili itakwenda Ibra, kwa Thuwaiba,
imeviringishwa ndani ya soksi.
Lakini hilo la Ijumaa.

Alfajiri, adhana imekwisha: kazi imekamilika.
Siiamini. Nafungua faili moja,
ya kule, si ya huku.
Sauti ikatoka kali, ya miaka sita nyuma:
"Wee! Riyali nne kwa jodari huyu,
macho yake ya wiki iliyopita?"

Chumba cha pili mkongojo ukagonga sakafu.
"Nani huyo anapunjwa?"
Ni wewe, Bibi.
Kimya kidogo. Kiyoyozi kinadondosha maji.
"Mwambie asilipe."