Saa Kumi na Moja

Nimeambiwa nisiseme.
Kaa pembeni, andika, usimwoneshe pa kubonyeza;
akikwama muulize tu, unawaza nini?
Basi nimekaa pembeni, chumba cha nyuma cha ofisi ya kata,
Mwanjelwa, mwezi wa saba,
baridi inapita chini ya mlango bila hodi.

Subilaga wa viazi ndiye wa nne leo.
Mtoto yuko mgongoni, kanga juu yake,
blanketi juu ya kanga,
na juu ya blanketi sweta ya kiume,
mikono yake mitupu inaning'inia
kana kwamba kuna mtu anawabeba wote wawili.

"Hatukupimi wewe," namsomea karatasi, "tunaipima tovuti."
Ananitazama. Anafuta kidole kwenye sketi.
Udongo wa Umalila haujatoka, skrini haimtambui.
Anafuta tena.
"Nisamehe," anaiambia.

Jina la mtoto: Ipyana.
Umri: anahesabu kwa mavuno, anapata miezi kumi na minne.
Jina la baba.
Hapo anakaa.
Nyota nyekundu inasema ni lazima.
Naandika: sekunde arobaini na moja.
Siandiki alichokuwa akikitazama dirishani.
Mwishowe anaandika, herufi moja moja, Yupo Tunduma,
na tovuti inalipokea, jina zuri tu,
Bwana Yupo Tunduma.

Sasa saa.
Lori la Ilembo hushusha magunia gizani,
anayechelewa huambulia viazi vya nguruwe.
Kwa hiyo anataka mtoto apokelewe saa kumi na moja,
kumi na moja ile ya kwetu, ya ukungu,
Loleza haijaonekana bado,
mbwa wa Block T ndiyo kwanza wamechoka kubweka.
Anaitafuta kumi na moja. Ipo. Anabonyeza.

Tovuti, iliyolelewa na watu wengine,
imeelewa saa tano.
Saa tano jua limepanda, viazi vizuri vimekwisha,
na mama amesimama getini na mtoto tangu alfajiri.
Yote haya nayaona nikiwa nimekaa,
kalamu mkononi, ulimi chini ya meno.

Alama ya kijani. Hongera, umefanikiwa!
"Nimefanikiwa," anamwambia mtoto, ambaye amelala.

Fomu yangu ina visanduku viwili,
amefaulu, hajafaulu.
Wa kwanza alibonyeza hapo hapo. Wa pili pia, na wa tatu.
Na saa hiyo niliichora mimi.
Niliichora usiku wa saa tano, simu yangu ikiandika ishirini na tatu,
nisione ajabu yoyote,
mimi, mtoto wa muuza maziwa wa Uyole,
niliyeamshwa miaka yote na sauti ile ile nyuma ya pazia:
kumi na moja hiyo, we, ndoo zinakusubiri.

"Basi kesho nimlete?"

Hapo kanuni inaniishia.
Hapana, mama, namwambia, hili ni jaribio,
kituo chenyewe bado kinapakwa rangi.
Ananyamaza. Anakaza fundo la kanga kifuani.
Kisha anacheka, kwa sauti, mpaka mtoto anashtuka:
"Jaribio! Na soda je, nayo ya jaribio?"

Nampa soda. Nampa nauli,
anaificha mahali ambapo hata mwizi angeona haya.
Mlangoni anageuka.
"Lakini msifute jina la Ipyana. Liacheni humo humo,
mkifungua mtukute tuko mbele."

Nabaki na kisanduku.
Naweka alama kwenye hajafaulu, naifuta,
naiweka tena, na pembeni yake
naandika jina langu.

Nje, wa tano anakohoa, anabisha hodi.