Kisanduku cha Maelezo Mengine

Kabla ya mfumo, oda ilipanda ngazi.
Hapa Denizli, kiwandani kwetu,
ilipanda kwa miguu ya Nurettin
ndani ya faili la buluu lililochakaa pembe:
mauzo, stoo ya nyuzi, watia rangi,
mwisho uhasibu, kwangu,
nami nikaitulizia bilauri ya chai juu yake.
Siku kumi na moja
taulo elfu nne za hoteli moja ya Rotterdam
zilikaa karatasini, hazijawa hata uzi,
kila sahihi ikingoja sahihi iliyo juu yake.

Leo oda huingia saa mbili asubuhi,
na kabla mkate wangu wa ufuta haujaisha
stoo imeshajua,
mapipa ya rangi yameshajua,
lori la Izmir limeshapangiwa saa.
Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyefoka.
Kwenye kioo kadi za kijani zahama zenyewe,
safu hadi safu.
Meneja husema: siku kumi na moja zimekuwa dakika arubaini.
Nimezihesabu mimi. Ni kweli.

Ila Nurettin hakubeba karatasi tu.
Alipofika mezani pangu aliinama:
"Gülseren wa rangi anauguza, leo usimbane."
"Boila ya pili inakohoa, msiahidi Ijumaa."
Hayo hayakuwa na fomu wala muhuri,
na siku tulipouchora mfumo ukutani,
mshale baada ya mshale,
hakuna aliyeyachorea njia.

Ijumaa ya tatu boila ikazima.
Kadi zote zilikuwa kijani.

Basi tukamwekea kiti na kibodi.
Huandika kwa kidole kimoja,
kama mtu anayebandua stempu asiichane,
katika kisanduku cha chini kabisa, Maelezo Mengine,
kile ambacho sote hukiruka.
Nikaweka kanuni: kikijazwa, kadi isimame,
iwagongee watu watatu kwa mpigo.

Jana iligonga.
"Boila salama. Bomba si salama.
Gülseren amerudi, ila bado hajacheka."
Kadi ikageuka njano.
Fundi akaenda kwenye bomba.
Mimi nikashuka ghorofa tatu na bilauri mbili za chai,
kwa ngazi ambazo sikumbuki
mara ya mwisho nilizikanyaga lini.