Deni la Bendera

Karatasi siagizi
wala wino wa Hijazi,
mimi ni fundi wa uzi,
wino nnao chandani.

Ni wino wa Jumanne,
zimepita wiki nne,
nisugue, nikazane,
haung'oki ukuchani.

Cherehani naiweka
Bondeni penye mapaka,
mkahawa wa Baraka
ndio ulo ubavuni.

Walinijia wa Nanga:
bendera za rangi anga.
Mia mbili nikaunga,
wakasema, "Kitabuni."

Wakaja na wa Kengele:
kofia, nyekundu tele,
zenye kishada kwa mbele.
"Ushindi, pesa mezani."

Mnazi, hao wachache,
mabango hadi kukuche,
wakinambia, "Usiche,
twaingia barazani."

Kitambaa nilikopa
kwa Taherali wa hapa,
naye sasa anaapa
atanipeleka ndani.

Usiku wa kutangaza
redio nimeikaza,
mke wangu auliza,
"Atulipaye ni nani?"

Viti thelathini vyote,
kumi na sita ndo pete.
Sasa hesabu nilete,
penseli i sikioni:

Nanga, kumi na viwili;
Kengele nao si mbali,
kumi na kimoja kweli;
Mnazi, vitatu duni.

Vinne vilivyobaki
ni vya huru, hawashiki
chama, wala hawataki
kushonewa asilani.

Kulipokucha, Baraka
hakuna aliyecheka,
mahamri yakachoka
kwa kungoja sahanini.

Famau yuwasimama:
"Nanga tumeshinda, jama!"
Shekue naye kasema,
"Kumi na mbili ni nini?"

Kazungu wa bodaboda:
"Kwangu hili ni faida,
watabembeleza muda,
hawatuoni majani."

Bi Mwanakheri wa maji
auliza wasemaji,
"Bomba nalo lahitaji
viti vingapi, jamani?"

Hakupatikana jibu.
Mimi nina yangu tabu,
nikafungua kitabu
hadi kwa wangu wadeni.

Nanga: "Ngoja tuungane."
Kengele: "Tusikizane."
Mnazi: "Hebu tuone
tukalie paja gani."

Aloshindwa hunikwepa,
aloshinda hunilipa;
hawa wa hapa na hapa,
kitabu chasema nini?

Wiki mbili wala Nyali
pilau, samaki, wali;
wale huru hawalali,
simu zao sikioni.

Ijumaa, nimelala,
wakaja watatu, kila
mmoja na yake ila,
wamebanana garini.

"Fundi, shona moja sasa,
iwe na nanga kabisa,
na kengele isokosa,
na mnazi uwe ndani."

Nikauliza, "Na juu
ikae ipi, wakuu?"
Wakapandana maguu
pale pale mlangoni.

Dirisha likafunguka,
mke wangu kainuka,
awambia bila shaka,
"Hapa pesa mkononi!

Za bendera na kofia
na mabango, zikingia,
ndipo atawashonea
hiyo nguo ya ubani."

Wakatazamana wote,
nani aanze, avute
noti ya kwanza, alete
ya kwake ya kibindoni.

Kumbe na humo hakuna
wa kushinda! Wakanuna,
garini wakajibana,
wakaishia gizani.

Juzi Mwanakheri kaja
na dumu la maji moja:
"Kitambaa nakingoja
cha kuchujia nyumbani."

Nikamkatia Nanga,
ile ya rangi ya anga,
kaipinda, akafunga
mtungi wake shingoni.

Sikudai; akatoa
noti iliyochakaa,
kaiweka, katulia:
"Fundi, mimi sina deni."

Wino wangu ungalipo,
baraza lao halipo,
majina matatu yapo,
yamelala kitabuni.

La nne nimeandika:
Mwanakheri. Nikaweka
alama, nikainuka
na dumu langu foleni.