Saa za Lubumbashi

Mashine hii niliinunua kwa mhasibu wa kiwanda
mwaka ule kiwanda kilipowalipa watu kwa viti na makabati.
Ilikuja na vumbi jekundu katika kila mwanya,
na herufi E imefutika kabisa
kwa kuandika madeni.

Miaka sita imenilisha hapa Katuba:
barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi,
matangazo ya msiba, kadi za harusi,
kazi za wanafunzi, kurasa sitini sitini.
Kisha ikaugua.
Kila kle iliyochomekwa humo ilitoka na homa,
mafaili yakageuka vivuli, ukiyagusa hayafunguki.
Mtaani wakasema: kwa mama Umba
kazi yako inaingia hai, inatoka maiti.

Kisimba, mtoto wa dada yangu, akaja Jumanne
na kle shingoni, kwenye kamba ya kiatu.
Kle ni ufunguo; nikamuuliza kitasa kiko wapi.
Akacheka. "Mama mdogo, humu mna nyumba nzima.
Tunabomoa ile, tunasimamisha hii."
Bei?
"Bure."
Hapo ndipo nilipoogopa.
Cha bure mjini humu huja na mdomo wake.

Tukangoja umeme. Umeme wa Katuba
hufika umeshalala, huondoka hujaaga.
Saa tano usiku taa ikapepesa,
Kisimba akaibonyeza F12, akaibonyeza, akaibonyeza,
kama anayegonga kwa mdaiwa
kabla hajatokea dirisha la nyuma.

Skrini nyeusi. Maandishi meupe yakakimbia juu,
sikuwahi hata moja.
Halafu ikatulia, ikaanza kunihoji.

Lugha gani?
Nikashuka orodha yote, nikapanda, nikashuka.
Kiswahili hakimo.
Nikachagua Kifaransa, kama tunavyofanya ofisini.

Uko wapi?
Ikatandaza dunia. Nikagusa kule chini,
pale Kongo inapoingiza kidole Zambia,
na jina likasimama: Lubumbashi.
Si Kinshasa. Sisi.
Nikagusa Ulaya, nikarudi, nikagusa tena,
nione kama itabadili maneno.
Haikubadili.

Futa diski nzima?
"Bonyeza ndiyo," akasema Kisimba.
Mkono ukakataa.
Mna folda ya yule mhasibu humo, miaka sita sijaifungua,
wala sijaitupa. Kiporo cha mtu mwingine.
Tukazima, tukarudi nyumba ya zamani, ikafunguka kwa kukohoa:
majina mia mbili na kumi na manne,
kila jina na miezi yake isiyolipwa.
Banza Kyalwe, miezi thelathini na moja.
Numbi wa Ngoie, miezi ishirini na sita.
Wengine huja hapa niwaandikie barua.
Wengine nimeandika matangazo yao.

Nikachapa. Karatasi tisa. Wino ukaisha katika ya tisa,
majina ya mwisho yakatoka ya kijivu,
nikayapitishia kalamu kwa mkono.

Kisha nikasema ndiyo.

Asilimia kumi. Thelathini. Sabini na moja,
na Katuba nzima ikazimika.
Betri ya mashine ilikufa zamani, basi hapakuwa na zamani wala mpya,
palikuwa na sisi wawili na mshumaa,
na bukari baridi tukaila bila kusemezana.
Kle ilikaa mezani. Haikusahau kitu.

Umeme uliporudi tulianza upya, lugha, ramani, ndiyo,
na safari hii mkono haukuniuliza.
Neno la siri likanikataa mara mbili:
A ilikuwa Q, Q ilikuwa A,
kibodi yangu ya Kifaransa ikisomwa Kiingereza.
Kisimba akatengeneza, akalala kwenye benchi na viatu vyake.

Kona ya skrini: 04:51.
Yenyewe inaandika nne, mimi nasoma kumi, tunaelewana.
Nje wauza makala wanashusha magunia.
Nimefungua ukurasa mtupu,
nimetafuta kwa kidole kile kibonye kisicho na alama.
E.
Imetokea.