Mbao Tatu

Aliniletea turubai likiwa bado bichi,
kalibeba mbele ya kifua kama trei ya mayai,
toka Ayer Itam hadi karakana yangu, kwa miguu,
maana kondakta alikataa kupakia harufu ya tapentaini.

"Velayutham, nipimie."

Nikapima. Futi nne kwenda juu, moja na nusu kando.
Umbo la ubao wa mlango. Nani huchora mafuta
kwenye ubao wa mlango?
Chini kabisa, mwanamke mgema mpira,
taa kwenye paji, kisu mkononi,
mwili umejengwa kwa rangi nzito, tabaka juu ya tabaka,
namna walivyomfunza Paris:
bega lile ungeweza kuliegemea.
Lakini mti!
Mti ulikuwa mpigo mmoja wa wino,
umepanda bila kuvuta pumzi
ukakatika kabla ya matawi.
Juu ya hapo, hakuna kitu.
Futi mbili nzima za hakuna kitu.

"Hapa hujamaliza," nikamwambia.
Teik Jin akacheka, akakohoa.
"Hapo ndipo nilipotoka jasho."

Njia mbili zilimshinda fisi, twaambiwa.
Fisi hakuwa na brashi.
Huyu alikuwa nazo mbili, ya manyoya ya mbuzi na ya nguruwe,
na miaka kumi na mmoja ya kuharibu vitu:
karatasi ikinywa mafuta, ikiota duara la manjano
kama kwapa la shati la mpishi;
wino ukikimbia juu ya turubai
kama maji juu ya jani la myugwa.
Hadi asubuhi moja alipochukua uji wa mchele,
uliobaki, wa jana, wa mkewe Gaik Suan,
akaukoroga na unga wa chaza, akaupaka kitambaani.
Wino ukatua. Ukakaa.
Gaik Suan aliniambia yeye alitaka sufuria yake tu.

Kwenye maonyesho mabwana wa klabu walisema: Uchina umezidi.
Walimu wa kaligrafia walisema: Uzungu umezidi.
Baba yake, muuza ngisi wakavu, aliuliza bei,
akaambiwa, akakaa chini.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile nilikuwa na msumeno,
na mti wa mteki, na swali la kazi yangu.
Fremu ya dhahabu ingemfunga mgema jela.
Fimbo mbili na uzi, kama picha za kukunja za babu zao,
zisingeubeba uzito wa bega lile.
Nikavuta sigara. Mvua ikaja, ikaondoka.
Nikakata mbao tatu: kushoto, kulia, chini.
Juu nikaacha wazi.

Alisimama mbele yake muda mrefu,
kidole chake, chenye wino kwenye ukucha,
kikipita pale ambapo mbao haikuwepo.
Hakusema asante. Alisema, "Ndiyo."

Siku hizi liko jumba la makumbusho, nyuma ya kioo,
na fundi fulani msafi ameongeza mbao ya nne.
Sina haki ya kulalamika.
Mimi mwenyewe siku ile
nilimtoza bei ya mbao nne.