Athari

Katika daftari la falaji, nyumbani kwa wakili, Rustaq,
ukurasa ambao mchwa wameutoboa hadi kidole kinachungulia,
kuna jina la Bibi Nadhira binti Muhanna,
na kando yake, kwa wino wa masizi:
*Ameuza athari tatu za usiku. Thamani: karatasi.*

Athari, kwa watu wa falaji, ni nusu saa ya maji.
Kwetu sisi tuliorudi na Kiswahili mdomoni
athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Wakili hajui kwa nini nimecheka.

Ngomeni alikaa nyuma ya pazia.
Akikohoa mara moja, katibu alichovya kalamu.
Mara mbili, alifunika kidau,
na shekhe aliyekuja na ngamia wanane
kuomba mnara wa mtu mwingine
alirudi kwao na ngamia wanane.
Mtawala alisema Bibi ana kifua kibaya, apewe asali.
Akapewa. Akailamba. Akaendelea kukohoa.

Washairi walimjia kutoka Bahla na Sumail
na kasida za kumfananisha na mwezi.
Aliwapa kahawa, tende, na kodi ya punda.
"Mwezi," alisema, "haujawahi kumlipia mtu deni.
Niandikieni kitu mlichokigusa."
Wengi hawakurudi.

Aliyekigusa alikuwa jikoni.
Zafarani, walimwita,
maana walionunua watu waliwapa majina ya dukani.
Alitoka Mrima. Alipepeta mchele
akihesabu mizani kwa mtikisiko wa ungo:
nane, pumzi, nane.
Mama yake Bibi alizaliwa Pate,
ndiyo sababu sikio lile lilisimama mlangoni.

Kwa ajili ya karatasi, basi, aliuza maji.
Mitende kumi na minne ilikauka vichwa.
Nduguze walisema mwanamke huyu
anamnywesha mtumwa badala ya mtende.
Alikuwa na jibu,
ila wanaosimulia hawapatani ni lipi.

Miaka sita, kila usiku wa zamu iliyouzwa,
walikaa ghorofani kwa taa moja
wakisikia maji yakipita chini ya dirisha
kwenda shamba la mtu mwingine.
Mmoja alisoma. Mmoja alihesabu kwa pete.
"Rudia. Huo una tisa."

Ningependa kuishia hapo.
Lakini nimefunua ukurasa wa mirathi.
*Mitende mia na sita. Majambia mawili ya fedha.
Sanduku la vitabu, havikuhesabiwa.
Zafarani, mjakazi, umri kama hamsini, macho dhaifu.*

Macho dhaifu, Bibi.
Kwa taa yako.
Mikohozi yote ile kwa ajili ya minara ya watu,
na kwa huyu hukupata hata mmoja?

Sanduku lilikwenda kwa mpwa, na mpwa aliliweka penye unyevu.
Kilichobaki ni alichokisema bibi yangu akikanda unga,
bibi ambaye ukoo wake una mlango wa mbele
na mlango wa jikoni, na mimi nimepitia yote miwili:

*Maji yana mwenye zamu, nyota humwita shambani,
Kalamu ina hakimu, apimaye kwa mizani,
Nami itafika zamu, niulizwe: jina nani?*

Mstari wa nne hakuupata.
Alisema pengine ulikuwa jina lenyewe,
kisha akaniagiza samli.

Wakili anauliza kama nimemaliza.
Nje zamu imebadilika: kijana anachomoa jiwe na matambara
kwenye mdomo wa mfereji, na maji yanageuka
kama mtu aliyeitwa.
Namwomba kalamu, ile ya daftari.
Anasema daftari haliandikwi na mgeni.

Nakohoa.
Mara moja.