Hodi Kigombe

Usiku niliikariri kama mtoto wa chuo anavyokariri juzuu:
njia ya nyasi, mita mia nane,
mzunguko wa kushoto, futi elfu moja,
mikonge upande wa bara, minazi upande wa pwani,
mnara hakuna.

Hakuna wa kukwambia wewe sasa, wewe subiri.
Kuna soksi ya upepo yenye kiraka,
na sisi, ndege kumi na tisa,
tulioalikwa siku moja na wote tukaamka mapema.

Maili kumi, Pangani iko mgongoni,
nilinyamaza kwanza nisikilize.
Ndivyo tulivyolelewa Chumbageni: huingii barazani ukisema,
unasimama kizingitini ujue nani anazungumza na nani.
Mmoja alikuwa anageuka. Mwingine yuko sambamba.
Wa tatu ana mafua; nikamtambua kwa mafua yake siku nzima.
Ndipo nikabonyeza:
"Kigombe, hodi. Ndege ya manjano, maili saba kusini, naingia mzunguko. Kigombe."
Jina la mahali mwanzo, jina la mahali mwisho,
maana sauti haina anwani.

Kaniki, fundi wangu, alikaa kulia, spana mfukoni.
Nilimpa kazi moja: tazama nje.
Si simu, si mishale ya mbele yetu. Nje.
Akiona kitu, asitafute maneno mazuri.

Tukapita juu ya ufuko, nikahesabu:
mwekundu anatua, mwenye mafua anamfuata,
halafu wa buluu, halafu mimi.
Nikageuka. Nikasema nimegeuka.
Nikageuka tena, nikasema tena,
na njia ikaingia kioo cha mbele,
tupu, kama mkeka uliotandikwa kwa ajili yangu.

Hapo ndipo watu hufia, mwalimu wangu alikuwa akisema,
hapo panapofanana na pa kwako.

"Dada," akasema Kaniki, "mbona tuna vivuli viwili?"

Juu ya mikonge, mstari kwa mstari,
kivuli chetu kilikuwa kinakimbia,
na nyuma yake kingine, kipana, kinakisogelea
kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake.
Redioni, kimya.

Sikuuliza nani. Sikuuliza zamu ya nani.
Nguvu zote, pua juu,
nikasogea kulia ili dirisha langu limpate,
na huyo hapo, mweupe, chini yetu,
hana habari kabisa na dunia.
"Kigombe, wa manjano napanda tena. Kuna mweupe chini yangu, haongei. Kigombe."
Mwenye mafua, aliyekwisha tua, akajibu:
"Tumemwona. Tunampisha."
Ndipo nikapumua.

Hodi ni mara tatu; usipoitikiwa, unarudi,
wala hunung'uniki njiani.
Nikarudi. Bahari, minazi, sambamba, upya.
Nilikuwa wa nne, nikatua wa tisa,
na nyasi zilikuwa zilezile.

Bwana Shebuge alikuja kofia mkononi.
Redio yake ilibaki kwenye masafa ya Tanga.
Njia yote kutoka Muheza alisema kila kitu, kwa ufasaha,
alipiga hodi nzuri mno
kwenye nyumba siyo.
"Nilisikia kimya," alisema, "nikadhani njia ni yangu."
Sikumkaripia. Mikono yangu ilikuwa bado inatafuta kitu cha kushika.
Akanipa chungwa. Nikashika chungwa.

Kaniki alikuwa ameacha mlango wa ndege wazi, redio inaongea,
na humo ikatoka sauti changa, ya mtu asiyejua tuko wangapi:
"Kigombe, hodi..."
Tukatazamana. Hakuna aliyepewa kazi ya kujibu.
Nikaenda, nikainua kipaza, maji ya chungwa yananitiririka kidevuni.
"Karibu," nikasema. "Tuko wengi.
Tazama kwanza."